Mitego ya feromoni kwenye michungwa: nanasa nondo kila wiki ila machungwa bado yanadondoka na funza ndani. Tunapigwa?

#1 Michungwa_Muheza
Habari wakuu. Niende moja kwa moja. Nina michungwa huku Muheza, kama heka tatu hivi, mingi ni Valencia na michache Jaffa. Msimu uliopita nilikoma, machungwa yanageuka rangi kabla ya muda wake yanadondoka, ukipasua unakuta funza na ndani kumeshaoza. Jamaa wa duka la pembejeo akaniambia achana na kupiga masumu, nunua mitego ya feromoni, yaani kuna kipira kidogo kimelowekwa harufu ya nondo jike unakiweka ndani ya kiboksi cheupe cha pembetatu, chini kuna gundi, madume yanakuja yakijua kuna mchumba yanaganda. Nikanunua nikatundika. Kunasa inanasa sio uongo, kila wiki nikishusha nakuta vinondo vya kijivu vimejaa kwenye gundi. Lakini machungwa yanadondoka vilevile!! Sasa kama madume yanakufa mayai yanatoka wapi? Au ndo tunauziwa viboksi tu? Wenye uzoefu njooni.

#2 nakaa_pale
Siti ya mbele, nasubiri wajuvi.

#3 fundi_Gongolamboto
Nimeingia mbio nikijua mnauza nondo za milimita 12. Haya endeleeni.

#4 Mzee_Ngua
Mimi nilishasema siku nyingi hivi vitu vinaita wadudu badala ya kufukuza. Shamba lako lilikuwa na nondo wa kwako, sasa umetundika harufu unawaita na wa jirani, wa kijiji cha pili, wote wanakuja kwako. Toa hivyo viboksi uone kama hawatapungua.

#5 Bibi_Shamba
@Mzee_Ngua shikamoo mzee wangu, lakini hapo naomba nikupinge kidogo. Harufu ile inaita madume tu, na dume halitagi. Hata yakija madume ya wilaya nzima hakuna hata yai moja litakaloongezeka kwenye chungwa kwa sababu yake.

@Michungwa_Muheza jibu la swali lako ni kwamba mtego ule kazi yake ya kwanza sio kuua, ni kuhesabu. Unatundika mmoja au miwili shambani ili ujue nondo wameanza lini na wanapanda au wanashuka, ndo uamue kama unapiga dawa au unaacha. Kuwamaliza kwa kunasa madume ni ngumu sana kwa sababu dume moja linapanda majike mengi. Hata ukinasa madume tisa katika kumi lile moja lililobaki linamaliza kazi ya wenzake, na huyu nondo jike mmoja anaweza kutaga mayai mia na zaidi, anayaweka mojamoja kwenye ganda. Kwa hiyo boksi kujaa maana yake tu ni kwamba una nondo wengi, haina maana kwamba umewapunguza.

#6 kapera_sugu
Dume moja linamaliza kazi ya wenzake tisa. Huyo nondo namjua, anakaa mtaa wetu.

#7 Bibi_Shamba
@kapera_sugu 😂😂 toka hapa.

#8 Mutua_wa_Wote
Hamjambo ndugu zetu. Mimi niko Makueni, nina maembe na machungwa. Kabla mwendelee na hii stori ya nondo mmeuliza kwanza hao funza ni wa nini? Hapa kwetu watu wengi wanasema ni nondo kumbe ni nzi wa matunda. Huyu nzi mgeni kutoka Asia alionekana Kenya 2003 na tangu hapo hatujalala, ni yeye alifanya Afrika Kusini ifunge avokado zetu 2007, na 2014 Kenya ikajizuia yenyewe kupeleka maembe Ulaya juu ya huyo huyo nzi. Kama ni nzi, hicho kiboksi chako cha nondo hakimsaidii kitu, yeye ana mtego wake na dawa yake tofauti kabisa. Pasua tunda uangalie. Funza wa nzi ni mweupe, hana kichwa cha kuonekana, hana miguu, na akikomaa ukimweka mezani anajikunja anaruka. Wa nondo ni kiwavi kamili, kichwa cha kahawia, ana miguu, akikomaa anakuwa wa pinki pinki.

#9 Michungwa_Muheza
@Mutua_wa_Wote asante mkuu. Kusema kweli wengi ninaowaona wameshachanganyika na uozo sijawahi kuwachunguza miguu 😅 ntapasua nilete majibu. Ila mbona boksi linanasa nondo? Si ina maana nondo wapo?

#10 Mutua_wa_Wote
Wapo ndio. Kuwepo ni kitu kimoja, kuwa ndio wanakuangushia machungwa ni kitu kingine.

#11 sele_agro
Wakuu mimi nilikuwa nauza pembejeo huko nyuma, ngoja niwape siri ya dukani. Vile vipira vinatakiwa kukaa kwenye ubaridi, sasa nenda maduka yetu ukaone, vimetundikwa dirishani jua linapiga kutwa nzima, kingine kimekaa pale tangu mwaka juzi. Harufu inakuwa imeshaondoka unanunua mpira. Na kingine wauzaji wengi hawajui tofauti, mteja akisema nataka cha nondo anapewa kilichopo. Kuna cha kantangaze wa nyanya, kuna cha kiwavijeshi vamizi wa mahindi, kuna cha huyu wa machungwa, kila nondo ana harufu yake, ukiweka cha kantangaze kwenye michungwa utakesha. Kwa hiyo kwangu mimi tatizo ni duka.

#12 Bibi_Shamba
@sele_agro hoja yako nzuri ila haimgusi mleta uzi, yeye kasema boksi linajaa. Kipira kilichokufa hakijazi boksi.

#13 sele_agro
Linajaa nondo GANI? Hilo ndo swali. Kuna ndugu zake wa karibu wanaokula makadamia na lichi, harufu zao zinakaribiana sana na huyu, wanaingia mtego huohuo na kwa macho ya kawaida wote ni vinondo vya kijivu. Michungwa weka picha.

#14 Michungwa_Muheza
Simu yangu kamera imepasuka, ntaazima ya shemeji.

#15 Fizi_Yakima
Jambo benye uzi. Mimi ni Mkongomani wa Fizi ila niko Marekani, Washington, upande wa Yakima, nafanya kazi ku mashamba ya matufaha miaka mingi sasa. Huku kuna nondo yao anaitwa codling moth, yule wenu wa machungwa wanamwita false codling moth, yaani wa bandia, ila hawa ni watu tofauti, yule wenu ni Mwafrika kabisa asili yake ni kwetu kusini mwa Sahara. Huku boksi za gundi tunatundika kidogo tu za kuhesabu, kama dada Bibi_Shamba alivyosema. Kazi yenyewe inafanywa na vitu vingine, ni kama kamba fupi ya plastiki iko na harufu ndani, majira ya kuchipua kabla nondo hawajaanza kuruka tunapita mti kwa mti tunafunga juu kabisa ku matawi, ile aina ya zamani ilikuwa karibu mia nne kwa ekari moja, mkono unauma hadi usiku. Haiui hata nondo mmoja. Inajaza shamba harufu ya jike kila kona, dume anapotea, hakuna ndoa hakuna mtoto. Serikali ya huku ilisajili ile ya matufaha 1991, leo mashamba mengi sana ya hapa yanaitumia.

#16 kijana_Korogwe
Mkuu Fizi hapo kwenye dume kupotea, anapoteaje? Maana kama harufu iko kila sehemu si ndo angefurahi.

#17 Fizi_Yakima
Mwajiri wetu alisema pua inachoka. Ukikaa ku harufu moja muda mrefu pua inakufa, haisikii tena.

#18 DaktaDudu
Nimekuwa nasoma kimya, hapa lazima niingie. Hilo la pua kuchoka ni nadharia moja tu. Ya pili inasema pua haijachoka ila harufu ya jike wa kweli inamezwa, sawa na kumtafuta mkeo Kariakoo mkesha wa Idi wakati kila mtu anaita "mke wangu" 😄. Ya tatu inasema dume ananusa vizuri kabisa na anafuata njia vizuri kabisa, ila anafuata zile kamba, anatoka kamba hii anaenda kamba ile mpaka usiku unaisha, au anafika kwa jike kachelewa. Kwa codling moth majaribio ya shambani yameegemea zaidi hii ya tatu, na ina maana yake kwa mkulima, kwa sababu kama ni ushindani kati ya kamba na majike basi shamba lenye nondo wengi kupita kiasi kamba zinashindwa, majike ni wengi mno dume atajikwaa kwa mmoja tu. Ndo maana mahali penye maambukizi makubwa wanaanza kwanza kupunguza kwa njia nyingine halafu ndo wanafunga kamba.

Historia kidogo: kemikali ya kwanza ya aina hii ilitambuliwa 1959 na Mjerumani Adolf Butenandt kwenye nondo wa hariri, ilimchukua karibu miaka ishirini na majike kama laki tano ili apate miligramu chache. Ya codling moth ilijulikana 1971.

#19 mwana_hariri
Laki tano 😳 na akapewa Nobel kwa hiyo kazi.

#20 DaktaDudu
Hapana, Nobel yake ni ya 1939, na ilikuwa ya homoni za jinsia za binadamu. Serikali ya Wanazi ikamlazimisha aikatae, akaja kuipokea baada ya vita. Nondo wa hariri alikuja baadaye.

#21 kapera_sugu
Yaani mtu kaanza na homoni za watu kahamia za nondo. Kuna watu wana mambo yao.

#22 Mzee_Ngua
Bibi Shamba marahaba mwanangu. Mnaongea vizungu vingi lakini hamjanijibu. Jirani ana nondo, mwenye mtego ana nondo, na machungwa ya mwenye mtego yanadondoka zaidi. Mimi nimeona kwa macho yangu hapa kijijini.

#23 Bibi_Shamba
Mzee wangu hilo la jirani lina ukweli ila kwa njia nyingine. Jike linapandwa huko kwa jirani, kwenye mapera yake, kwenye hoho zake, kwenye minyonyo ya porini, maana huyu mdudu anakula mimea zaidi ya sabini, halafu anaruka akiwa na mimba tayari anakuja kutaga kwako. Hapo unase madume, ufunge kamba, haikusaidii, huyo jike hana shida na mwanaume tena. Ndo maana kwa Fizi wanafanya kwa mashamba makubwa, tena majirani wanaungana, na bado pembezoni ndo panaathirika kuliko katikati. Heka tatu za Muheza zote ni pembezoni.

#24 DaktaDudu
Naunga mkono nusu. Huyu nondo wa machungwa sio mrukaji mkubwa, wengi wanazaliwa, wanaoana na kutaga hapohapo. Mimi ningewauliza wakulima wa Muheza kitu kingine: mnapanda nini chini ya michungwa? Nimepita huko nimeona mahindi, bamia, na wengine hoho. Vyote hivyo anakula. Kwa hiyo machungwa yakiisha anashuka chini, mahindi yakiisha anapanda juu. Yule wa matufaha baridi ikija analala miezi mpaka joto lirudi, huyu wetu halali kabisa, vizazi vinaunganika mwaka mzima. Usichukue ratiba ya Yakima ukaileta Tanga.

#25 Michungwa_Muheza
Mahindi kweli napanda, sasa nile nini jamani wakati nasubiri machungwa 😅

#26 Nyambura_Hass
Niko Murang'a, avokado. Hapa kuna kikundi chetu tulifundishwa usafi wa shamba kabla ya mtego wowote, na kwangu ndio ilifanya kazi kuliko kitu kingine. Mnaacha tunda lililoanguka chini? Kiwavi akishakomaa anatoka kwa tunda anaingia kwa udongo anajifunika huko, anatoka nondo mpya. Sasa wewe unanasa madume juu na chini ya mti una kiwanda. Okota yote, hata yale yameoza, hata yale yamebaki mtini yameharibika, yafunge kwa mfuko mweusi wa nailoni uweke kwa jua kali siku kadhaa au uzike chini sana. Sio kutupa kwa shimo wazi karibu na shamba halafu useme umesafisha.

#27 Michungwa_Muheza
@Nyambura_Hass yanayodondoka tunalisha mbuzi mengine yanabaki hapo.

#28 Nyambura_Hass
Hayo yanabaki ndio shida.

#29 mpulizaji
Mnazunguka. Piga dawa. Baba yangu alipiga dawa na machungwa yalikuwa yanajaa malori mpaka wachuuzi wa Kenya wanagombana getini.

#30 Bibi_Shamba
Dawa unapiga lini? Kiwavi akiangua kwenye yai anatafuna ganda anaingia ndani, akishaingia dawa haimfikii. Una muda mfupi tu hapo katikati. Na ule muda unaujua kwa kutumia hicho kiboksi mnachokitukana. Bila mtego unapiga kwa kubahatisha, unaua nyuki na wadudu rafiki, nondo yuko ndani ya chungwa anakula.

#31 Tumbatu_2
Assalam aleikum. Nyinyi Tanga mnashangaza, dawa ya mambo haya imetoka kwenu wenyewe. Mbung'o wa Unguja wamekwishaje? Walizalishwa madume pale Tanga kwenye kituo cha utafiti wa mbung'o, wakapigwa mionzi wakawa tasa, wakawa wanamwagwa kwa ndege juu ya Unguja, majike yakipandwa nao hayazai. Mwaka 1997 Unguja ikatangazwa haina mbung'o. Hapana harufu wala kiboksi. Fanyeni hivyo kwa nondo.

#32 DaktaDudu
@Tumbatu_2 waaleikum salaam. Inafanyika sheikh. Afrika Kusini, eneo la Citrusdal, wanamwaga madume tasa ya huyuhuyu nondo wa machungwa tangu 2007. Na Kanada kwenye bonde la Okanagan walianza kufanya kwa codling moth miaka ya tisini, wale wa kiwandani walikuwa wanalishwa rangi nyekundu ili wakinaswa kwenye mtego wajulikane ni wa mradi au wa porini. Umeona? Hata huko mtego wa feromoni uko palepale, bila huo hujui kama umeshinda. Tatizo letu ni kwamba Unguja ni kisiwa, hakuna wa kuingia. Muheza haina bahari ya kuizunguka, na kiwanda cha nondo sio kitu cha mkulima mmoja wa heka tatu.

#33 Tumbatu_2
Basi leteni michungwa yenu Unguja.

#34 kijana_Korogwe
😂😂😂 huyu anataka kuhamisha msimu.

#35 waridi_Naivasha
Mimi nafanya kazi ya kuskauti wadudu kwa grinihausi za maua Naivasha. Huyu nondo mnayemzungumzia amefanya waridi letu lisumbuliwe sana Ulaya, kiwavi mmoja ndani ya tumba na mzigo wote unashikwa. Tangu Aprili 2025 masharti yao yamebana zaidi, lazima uonyeshe mfumo mzima kuanzia shambani. Sisi mitego tunaweka ndani na nje, na nje ndio muhimu kuliko, juu ya kujua anatoka upande gani. Kitu nimejifunza ni kwamba watu wanakosea pa kutundika. Ukiiweka chini karibu na shina upate urahisi wa kuangalia unanasa kidogo unadhani uko salama. Kwa mti wa matunda iweke juu, theluthi ya juu ya mti, upande upepo unatoka ili harufu ipite ndani ya shamba. Na gundi ikijaa vumbi na mabawa badilisha, wapya hawagandi wanapita tu.

#36 mkulima_Lushoto
Swali la pembeni wakuu, kwenye nyanya mimi kantangaze aliingia nchini 2014 nikatumia mitego ya beseni la maji na sabuni na kile kipira juu yake, madume yanazama mamia, na nyanya zikaisha vilevile. Ni kitu kilekile cha mleta uzi?

#37 DaktaDudu
Kilekile cha madume wachache kumaliza kazi, lakini kantangaze ana la ziada. Mwaka 2012 watafiti wa Ubelgiji waliripoti majike yake maabara yakitaga mayai yanayoangua bila dume kabisa. Sio njia yao ya kawaida, ila ukifikiria utaona kwa nini baadhi ya watu wanasema kwa huyo kuzuia ndoa pekee hakutoshi.

#38 kapera_sugu
Bila dume kabisa?? Naomba mods wafute hii post wanawake wa humu wasiione.

#39 Bibi_Shamba
Tumeshaiona.

#40 dereva_Segera
Mimi sio mkulima ila nauliza, hiyo harufu haibaki kwenye chungwa? Maana tunakula sisi.

#41 waridi_Naivasha
Haigusi tunda. Iko ndani ya kipira au kamba, ni miligramu kidogo sana, inavukia hewani. Afadhali hiyo kuliko vitu vinapulizwa.

#42 Mgosi_wa_Kaya
Wagosi mmesahau mdudu mmoja. Kuna nondo mkubwa, sio hiki kijivu, wa usiku, mabawa ya nyuma yana rangi ya chungwa, huyo hatagi kwenye tunda, yeye mwenyewe ana mrija mgumu kama sindano anatoboa chungwa lililoiva anafyonza. Nenda na tochi saa tatu usiku utamwona macho yanang'aa. Asubuhi chungwa lina kitundu kidogo, siku mbili tatu pameoza, vijidudu vingine vinaingia kwenye uozo vinataga, ukipasua unakuta funza unasema nondo wa ndani kumbe alianza fyonzaji. Viwavi wake wanakaa kwenye majani ya mitambaazi ya porini wala sio shambani kwako. Na huyo hakuna kipira cha dukani cha kumwita. Babu zetu walikuwa wanawasha moto wa moshi shambani.

#43 sele_agro
Huyo yupo kweli, ila anapenda yaliyoiva. Mleta uzi kasema yanadondoka kabla ya muda.

#44 Mgosi_wa_Kaya
Kasema yanageuka rangi. Wewe unajuaje yamegeuka kwa nini.

#45 kijana_Korogwe
Mimi niongeze, tusimsahau jua. Mvua za vuli zikikata ghafla mchungwa unamwaga matunda wenyewe bila mdudu yeyote. Shamba letu likimwaga hivyo funza unawakuta kwenye machache tu, mengine ni makavu safi.

#46 Bibi_Shamba
Kuna jambo hakuna aliyeligusa. Mkuu Michungwa mitego umetundika lini? Chungwa likiingiliwa na kiwavi halidondoki siku hiyo, linakaa wiki tatu mpaka tano hivi ndo linaanguka. Kwa hiyo yanayodondoka leo yaliingiliwa muda mrefu nyuma, pengine kabla hujatundika chochote. Hata ungefanya kila kitu sawa ungeendelea kuokota.

#47 Michungwa_Muheza
Nimetundika machungwa yakiwa yameshafika ukubwa wa ngumi.

#48 Fizi_Yakima
Huo muda umechelewa ndugu. Huku tukichelewa kufunga kamba nondo wa kwanza wakatangulia kuoana, bosi anakuwa mkali mwaka mzima.

#49 Mzee_Ngua
Kwa hiyo mnakubali viboksi havijamsaidia.

#50 Bibi_Shamba
Mzee 😂 vimemsaidia kujua ana nondo. Sasa aokote matunda, aondoe minyonyo na mapera ya pembeni, akae na majirani.

#51 Mzee_Ngua
Jirani yake ni mimi.

#52 fundi_Gongolamboto
Aiseee 😂😂😂 uzi umekuwa wa moto.

#53 kapera_sugu
Kumbe mapera yenye nondo ni ya mzee!!

#54 Mzee_Ngua
Mapera yangu yana miaka arobaini, michungwa yake imeyakuta hapa.

#55 mwana_hariri
Wakati mnasuluhishana niwape moja, Marekani kuna buibui hatengenezi utando, anatoa harufu inayofanana na ya nondo jike, dume likija analirushia kitonge cha gundi kwenye uzi mmoja analivuta. Hicho kiboksi chenu kilishabuniwa zamani na buibui.

#56 mpulizaji
Na yeye hajamaliza nondo.

#57 Michungwa_Muheza
Wakuu nimerudi. Nimepasua ndoo nzima ya yaliyodondoka leo asubuhi, shemeji kashika tochi. Matokeo ni mchanganyiko. Mengine yana kiwavi mmoja wa pinki, ana kichwa na miguu kama Mutua alivyosema, na kwenye ganda kuna kitundu kina unga unga mkavu na duara la njano pembeni. Mengine yana funza weupe wengi kwa pamoja, hao hawana miguu. Na mengine hayana kitu kabisa, makavu tu. Malimau yaliyo mpakani hayana hata moja.

#58 Mutua_wa_Wote
Nilisema! Hao weupe wengi pamoja ni nzi.

#59 Bibi_Shamba
Na huyo wa pinki ndo wetu. Malimau kuwa salama inaendana, huyu nondo kwenye limau hastawi.

#60 kijana_Korogwe
Na hayo makavu ni jua langu 😎

#61 Mgosi_wa_Kaya
Hao weupe waweza kuwa wamefuata kitundu cha fyonzaji, bado sijasalimu amri. Nenda na tochi usiku.

#62 sele_agro
Mkuu kwa hiyo unahitaji mitego ya aina mbili. Ya nzi wanatumia methili eujenoli inaita madume ya nzi...

#63 DaktaDudu
Kabla watu hawajachanganya, hiyo sio feromoni, haitoki kwa nzi jike. Ni kitu cha mimea, hata mrehani wa uani unacho. Madume ya nzi wanaipenda tu. Ila tofauti na nondo, kwa nzi kuna mahali kunasa madume kwa wingi pamoja na sumu kumefanya kazi vizuri, kwa sababu mvuto wake ni mkali mno.

#64 mkulima_Lushoto
Kwa nini kwa nzi ifanye kazi na kwa nondo isifanye wakati wote ni madume?

#65 DaktaDudu
Dume la nzi linaacha kila kitu kuifuata hiyo. Dume la nondo lina majike halisi yanayoshindana na kipira chako. Angalau ndo maelezo ya kawaida, kuna wanaosema ni suala la idadi ya mitego tu.

#66 sele_agro
Ni idadi. Weka mingi.

#67 Bibi_Shamba
Anayesema weka mingi ndo aliyekuwa anauza 😂

#68 Michungwa_Muheza
Hahaha. Vipira vilivyobaki niliviweka friji kama sele_agro alivyosema, wife kauliza hii harufu ya nani.

#69 kapera_sugu
Ulimjibu ni ya jike?

#70 Mzee_Ngua
Michungwa, njoo jioni tuyaone hayo mapera. Uje na shoka lakini sijasema tunakata.

#71 Mutua_wa_Wote
Kabla ya shoka, hao weupe uliwaweka mezani? Wanaruka?